Ya Kuambiwa na ya Kupapasa: Somo Nililolipata Katika Gurudumu la Gari

Huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili wakashangaa kuona habari za beringi za gari katika kurasa ambazo kwa kawaida huzungumzia andalio la somo, zana za kufundishia na upimaji wa maendeleo ya wanafunzi. Nawaomba wavumilie. Nia yangu si kuwageuza wakufunzi wenzangu wawe mafundi wa magari, ingawa hilo nalo si jambo baya kwa mtu mwenye mshahara kama wetu. Nia yangu ni kueleza kosa nililolifanya mwaka 2009, kosa lililokuwa na sura mbili. Sura ya kwanza niliiona siku ileile, kwa moshi na kwa harufu. Sura ya pili sikuiona mpaka majuma kadhaa yalipopita. Ya kwanza ilihusu gurudumu. Ya pili ilihusu alama niliyompa mwanachuo.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kufundisha Fizikia katika chuo cha ualimu kwa miaka 14. Nilikuwa na gari dogo la zamani, Toyota Corolla ya toleo lile ambalo injini huyasukuma magurudumu ya nyuma, na yale ya mbele huzunguka tu juu ya mihimili yake. Mwanzoni mwa mwaka ule gari lilianza kutoa mngurumo mfano wa jiwe la kusagia linalosikika kutoka nyumba ya pili. Katika mwendo mdogo haukusikika. Kadiri mwendo ulivyoongezeka, nao uliongezeka. Nilipopinda kona ya kushoto ulipanda. Nilipopinda ya kulia ulipungua. Nikajiuliza sababu yake, na jibu nikalipata bila ya kushuka garini: gari likipinda kushoto uzito wake huegemea magurudumu ya kulia, kwa hiyo kinacholalamika kipo upande wa kulia. Nilipofika nyumbani nikalipandisha gurudumu la mbele la kulia kwa jeki, nikaweka mkono mmoja juu ya tairi na mwingine chini, nikalitikisa. Likacheza. Nikalizungusha, nikasikia mkwaruzo. Ikawa wazi kwamba beringi zimekwisha.

Nakiri kwamba nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa fizikia niliyokuwa nikiifundisha kunifanyia kazi nje ya ubao. Nikaamua palepale kwamba beringi hizo nitazibadilisha mwenyewe, nyumbani, bila ya kumlipa mtu.

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze kwa ufupi beringi hizo zilivyo. Gurudumu la mbele la gari la aina hii hushikwa na kitovu cha chuma ambacho mafundi hukiita habu. Ndani ya habu mna beringi mbili: kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Kila moja ina sehemu nne. Kuna kikombe cha chuma kigumu kinachogongwa kikakaa ndani ya habu. Kuna pete ya ndani inayovaa mhimili. Kati ya viwili hivyo kuna vijiti vifupi vya chuma vinavyobingirika, navyo vimechongwa kwa umbo la pia: vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili. Mwisho kuna kizimba chembamba cha bati kinachovitenganisha vijiti hivyo visigusane wala visitawanyike. Wazo la kuweka gololi za chuma kati ya mhimili na gurudumu lilipewa hataza mwaka 1794 kwa Philip Vaughan wa Wales, kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi. Vijiti vya umbo la pia vilipewa hataza Marekani mwaka 1898 kwa Henry Timken, ambaye naye alikuwa mtengenezaji wa magari ya farasi. Faida ya umbo hilo ni kwamba beringi huweza kuubeba uzito wa gari unaoshuka kutoka juu, na papo hapo kuhimili msukumo wa ubavuni gari linapopinda kona. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Na vinavyozunguka navyo vimeundwa.

Lakini faida hiyo ina sharti lake. Kwa kuwa vijiti ni vya umbo la pia, kila unapoikaza nati iliyo nje ya mhimili, unazidi kuvibana vijiti ndani ya kikombe chake. Ukilegeza mno, gurudumu hucheza. Ukikaza mno, vijiti hubanwa, grisi iliyo kati ya chuma na chuma hukamuliwa ikatoka, na joto huanza. Chuma kikipata joto hutanuka. Kikitanuka hubana zaidi. Kikibana zaidi huzidi joto. Kwa hiyo kazi yote ya kufunga beringi, baada ya kusafisha na kugonga na kupaka, hukomea katika swali moja tu: nati ikazwe kiasi gani?

Jumamosi moja nikaifanya kazi hiyo chini ya mwembe wa nyumbani. Nilikuwa na kitabu cha gari. Kitabu kilieleza vizuri: kaza nati huku unalizungusha gurudumu, ili vijiti vikae mahali pake, kisha ilegeze, kisha ikaze tena kwa vidole. Niliyasoma maneno hayo mara mbili. Neno ‘kaza’ nililipa uzito, na neno ‘legeza’ nikalidharau, kwa sababu akilini mwangu gurudumu ni kitu cha kukazwa. Nani apendaye kusafiri juu ya gurudumu lililofungwa kwa vidole? Nikailegeza nati kidogo kwa ajili ya kukitii kitabu, kisha nikaikaza tena kwa spana, kwa ajili ya kuutuliza moyo wangu. Gurudumu likazunguka kwa uzito. Nikasema ni kwa sababu beringi ni mpya. Wanafunzi wangu wangeweza kuniambia kwamba hilo si jibu, bali ni udhuru.

Siku ya Jumatano iliyofuata nilisafiri kwenda kuwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, upande wa Dumila, zaidi ya kilometa 60 kutoka Morogoro kwa barabara ya Dodoma. Nilimkagua mwanachuo mmoja, msichana mtulivu ambaye chuoni hakuwa akisema sana. Alikuwa na Darasa la Sita, somo la Sayansi, mada ya msuguano. Meza zake zilikuwa na visanduku vilivyotiwa mawe, kamba za kuvutia, penseli za mviringo, na gololi za kuchezea watoto. Akawaambia wanafunzi wakivute kisanduku juu ya meza tupu, kisha juu ya penseli, kisha juu ya gololi. Kwa penseli kazi ilikwenda. Kwa gololi ilikuwa vurugu. Gololi zilitawanyika kila upande, visanduku vikainama, mawe yakaanguka, na watoto wakacheka na kutambaa chini ya madawati kuziokota. Mmoja akauliza, “Mwalimu, mbona zinakimbia?” Mwanachuo akamjibu, “Wewe unaonaje? Zifanyweje zisikimbie?” Wakabishana. Wakajaribu kuzizungushia kamba, ikashindikana. Kengele ikalia. Ubao ulikuwa na tarehe na neno moja, Msuguano.

Nikaandika katika fomu yangu: Mwalimu hakutoa jibu. Somo halikuhitimishwa. Wanafunzi wameachwa gizani na nidhamu ililegea. Nikampa alama ya chini. Alipoisoma alisema tu, “Nimeelewa, Mkufunzi,” akakunja karatasi yake. Nikaondoka nikiwa na wanachuo wawili niliokuwa nikiwarudisha chuoni.

Hatujafika Dakawa, mmoja wao akasema ananusa kitu kinachoungua. Nikapunguza mwendo. Usukani ukavuta kulia. Niliposimama pembeni na kushuka, moshi mwembamba ulikuwa ukitoka katikati ya gurudumu lile nililolifunga kwa mikono yangu, na grisi iliyoyeyuka ilikuwa imetiririka hadi kwenye ukingo wa tairi. Nilisogeza kiganja karibu na kifuniko cha habu, sikuweza kukigusa. Wanachuo wale walisimama ukingoni mwa barabara, nyuma yao mashamba ya mpunga, malori yakipita kwa kasi. Hawakuniuliza kitu. Nami nilisimama nikifikiri kwamba beringi ikifungana katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa, gurudumu huweza kung’oka, na kwamba vijana wale wawili walikuwa na wazazi.

Gari lilivutwa mpaka nyumbani. Jumamosi iliyofuata nilimwendea jirani yangu, fundi mzee aliyekwisha kustaafu, ambaye hapo kwanza sikumwendea kwa sababu nilikuwa na kitabu.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Mwalimu. Naona gari limekugomea.”

Nikamweleza yote. Hakucheka, wala hakuja na mkoba wa spana. Alikuja mikono mitupu, akaketi juu ya kigoda, akasema, “Utafunga wewe. Mimi nitakaa hapa.”

Kabla sijagusa kitu akaniambia mambo matatu, tena kwa sauti ya amri, bila ya kuniuliza ninaonaje. La kwanza, gari lisisimame juu ya jeki peke yake. Nati za gurudumu zilegezwe kwanza tairi likiwa chini, magurudumu mengine yawekewe mawe, na gari likisha kupanda liwekewe gogo au stendi imara. La pili, kikombe cha beringi kisigongwe kwa nyundo tupu, kwa sababu chuma chake ni kigumu na kigumu hupasuka, na kipande kikiruka huingia jichoni. Tutumie kipande cha shaba, na macho yafunikwe. La tatu, kifaa cha kushikia breki kikifunguliwa kifungwe kwa waya, kisining’inie kwa bomba lake la mpira. Na grisi isiguse diski wala pedi za breki, maana breki yenye grisi haishiki. Alinitaka niyarudie yote matatu. Nikayarudia kama mtoto wa Darasa la Kwanza.

Baada ya hapo akanyamaza, na kimya chake kilikuwa kirefu.

Nikaitoa habu. Beringi ya nje ilikuwa imegeuka rangi: vijiti vyake vilikuwa na wekundu wa kahawa iliyokaangwa, na mahali pengine rangi ya buluu. Nikavitoa vikombe, nikaisafisha habu kwa mafuta ya taa na kuikausha. Vikombe vipya nikaanza kuvigonga upande mmoja, vikaenda mshazari. Mzee aliona, hakusema. Nikatambua mwenyewe, nikavirudisha sawa, nikawa nagonga kwa kuzunguka: huku kidogo, kule kidogo. Kikombe cha kwanza kilipofika mwisho, mlio wa nyundo ulibadilika. Ukawa mzito na mfupi. Nikasita. Mzee akauliza, “Umesikia nini?” Nikasema, “Kimekaa.” Akatikisa kichwa kukubali. Hilo halikuwamo katika kitabu changu.

Kisha nikapaka grisi. Juma lililotangulia nilikuwa nimeipaka nje ya vijiti kama mtu apakaye siagi juu ya mkate. Mzee akaniuliza, “Msuguano uko nje au ndani?” Nikatia fungu la grisi kiganjani, nikaibana beringi juu yake kwa ule upande mpana, mara kwa mara, mpaka grisi ikatokeza upande wa pili kati ya vijiti. Nilipokuwa nikifanya hivyo alinyosha kidole akakigusa kile kizimba cha bati. “Hiki watu hukidharau,” alisema. “Hakibebi mzigo wowote. Lakini bila ya hiki, vijiti hukimbiliana.”

Mikono yangu ikasimama. Nilimsikia yule mtoto chini ya dawati: Mwalimu, mbona zinakimbia? Lile swali nililoliandika kuwa ni vurugu ndilo swali ambalo waundaji wa beringi walipaswa kulijibu kwa kile kizimba. Mwanachuo wangu alikuwa amewafikisha watoto wa kijijini mlangoni pake kwa gololi za kuchezea na visanduku vya mawe, nami nilimhukumu kwa kuwa hakuufungua mlango huo mwenyewe kabla ya kengele.

Sikumwambia Mzee jambo hilo. Tuliendelea. Beringi ya ndani ikaingia, kisha sili mpya ya kuzuia grisi, kisha habu ikavaa mhimili, kisha beringi ya nje, washa na nati. Tukafika kwenye lile swali la kiasi.

“Kaza kama ulivyokaza siku ile,” alisema Mzee. Nikakaza. “Zungusha.” Nikaizungusha habu, ikaenda kwa uzito. “Fumba macho, uzungushe tena.” Nilipofumba macho niliyahisi yale ambayo siku ile sikuyahisi: ukinzani mzito, wenye mikwaruzo midogo midogo, kama mtu anayeburuta miguu. “Sasa legeza mpaka icheze.” Nikalegeza, habu ikagonga gonga. “Sasa tafuta penyewe.” Nikakaza kwa vidole huku naizungusha, macho yamefumbwa. Nilipita, nikarudi, nilipita tena, nikarudi. Mara ya nne au ya tano habu ilizunguka laini, bila ya kuburuta na bila ya kugonga, nami nikajua. Siwezi kukwambia, ndugu msomaji, nilijua kwa kipimo gani. Nikaweka kofia ya kufungia nati, nikaingiza pini mpya na kuikunja ncha zake. Mzee akainuka, akaizungusha habu mara moja kwa kidole kimoja, akasema, “Haya.”

Mimi ni mwalimu wa Fizikia, na neno ‘haya’ halikunitosha. Jumatatu nilichukua mizani ya springi katika kabati la maabara, mizani ambayo kwa miaka 14 nilikuwa nikiitumia kuning’iniza vipande vya chuma ili wanachuo wasome niutoni. Kitabu cha gari kinataka beringi zipimwe kwa njia hiyo: ndoana ya mizani hutiwa kwenye bolti ya gurudumu, huvutwa polepole, na husomwa nguvu iliyoianzisha habu kuzunguka. Nikalipandisha gari tena, nikalitoa tairi, nikavuta. Kipimo kiliangukia ndani ya mipaka iliyotajwa kitabuni. Kiasi nilichokipata kwa macho yaliyofumbwa kilikuwa ndicho. Baadaye niliendesha kilometa chache, nikasimama, nikaweka kiganja juu ya kifuniko cha habu. Kilikuwa na uvuguvugu tu.

Sasa nije kwenye yale yanayotuhusu kama walimu. Tangu ilipotangazwa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, vyuo vyetu vimerudia mara nyingi kwamba mkono na kichwa vifundishwe pamoja. Mimi mwenyewe nimeitoa hotuba hiyo. Lakini nilikuwa nikiielewa kana kwamba kichwa hutangulia na kutoa maelezo, kisha mkono hufuata na kutekeleza. Beringi ilinionyesha kwamba yako maarifa ambayo kichwa huyapokea kutoka mkononi, na kwamba kitabu kikisema ‘kaza kwa vidole’ kinasema kweli, lakini ni kweli isiyoeleweka mpaka vidole viwe vimekwisha kukosea.

Hata hivyo, nisingependa msomaji aondoke na wazo kwamba mwalimu mwema ni yule anayenyamaza. Mzee hakunyamaza kuhusu jeki. Hakuniuliza ninaonaje kuhusu macho yangu. Alitenganisha mambo mawili ambayo sisi, katika maandalio yetu ya somo, aghalabu huyachanganya: mambo ya kuambiwa na mambo ya kupapasa. Nimejaribu kuitafuta kanuni yake, nami naona ni hii. Jiulize: kosa hili, likitendeka, laweza kufunguliwa kama nati? Likiwa laweza kufunguliwa, mwache mwanafunzi alifanye, alihisi, alifungue. Likiwa haliwezi, mwambie mapema, kwa maneno machache, na umtake ayarudie.

Kanuni hii nimeijaribu katika masomo mengine. Katika kemia, kwamba asidi kali humiminwa polepole ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi, ni jambo la kuambiwa; hakuna mwanafunzi anayepaswa kuligundua kwa uso wake. Lakini kwamba balbu haiwaki mpaka waya urudi kwenye betri, hilo ni la kupapasa. Kosa lake ni giza dogo linaloondoka kwa kuusogeza waya. Katika kufundisha kusoma, kwamba alama fulani husomwa ‘ma’ ni la kuambiwa, kwa sababu ni mapatano ya watu, na mtoto hawezi kuyagundua mapatano kwa kuyatazama. Lakini kwamba ‘ma’ na ‘ma’ zikiungana huwa mama, hilo mtoto akilipata mwenyewe hupata na furaha yake. Hivyo basi yako mafungu mawili ya kuambiwa: yale ya hatari na yale ya mapatano. Mengi ya yale yaliyobaki, hasa ya sababu na ya kiasi, yanahitaji muda wa mikono.

Na hapo pana tatizo letu sisi wakaguzi. Mikono haifuati kengele. Mkaguzi huona kipindi kimoja cha dakika 40, naye hutaka ndani yake pawe na utangulizi, maelezo, zoezi na hitimisho. Mwanachuo ajuaye hivyo hulikaza somo kama nilivyoikaza nati ile: halichezi, halina nafasi, kila kitu kimebanwa mahali pake. Kwa macho ya mkaguzi ni somo imara. Joto lake huonekana kilometa nyingi baadaye, mkaguzi akiwa amekwisha kuondoka.

Magari mengi ya siku hizi yana beringi zilizofungiwa pamoja na habu yake kiwandani. Hazifunguliwi, hazitiwi grisi, wala hazitafutiwi kiasi. Kitu kizima hutolewa na kingine kikawekwa, na bolti zake zikakazwa kwa mkazo uliotajwa. Hilo ni jema kwa msafiri. Kwa mwalimu ni hasara, kwani kifaa kisichofunguka hakifundishi. Kwa hiyo nawashauri wenzangu, hasa wa Sayansi na Kazi za Mikono, wazitafute beringi kuukuu za umbo la pia katika gereji za jirani. Aghalabu hutupwa. Zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe, zipewe wanachuo wazifumbie macho. Ipatikane na moja iliyoungua na moja iliyotoboka mashimo madogo madogo kwa uchakavu, ili waone kwamba chuma nacho hufa kwa sababu mbalimbali. Na mizani ya springi itoke kabatini.

Limebaki jambo la mwanachuo wangu. Alama ile ilikuwa imekwisha kupelekwa, nami sikuweza kuifuta. Mwisho wa mazoezi, baada ya majuma kadhaa, nilipata nafasi ya kurudi katika shule ile. Nilimkuta ofisini akisahihisha madaftari. Nilimwambia kwamba nilikosea, na nikamweleza kwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, kwa upole ambao ulinichoma kuliko lawama, “Mkufunzi, kesho yake walikuja na kopo la rangi.”

Akanipeleka darasani kunionyesha. Lilikuwa kopo tupu la rangi ya nyumba, lile lenye mfereji unaozunguka mdomo wake, mahali panapokaa mfuniko. Watoto walikuwa wamezipanga gololi ndani ya mfereji ule, duara zima, na juu yake wameweka kisanduku cha mawe. Mtoto mmoja alikisukuma kwa kidole. Kisanduku kilizunguka, kikazunguka, wala hapana gololi hata moja iliyokimbia. Jibu lilikuwa limefika siku moja baada ya fomu yangu.

Tangu mwaka ule bado nakagua, na bado naandika alama, kwa kuwa ndiyo kazi niliyopewa. Lakini nikikuta somo lililoachwa wazi, siandiki kitu siku hiyo. Humtafuta mwalimu baadaye, nikamwuliza kwanza: kesho yake ilikuwaje?